Kiswidi kwa kijana anayekulia nje ya Uswidi: shule ya masafa, kikundi cha kila wiki, tuisheni au IB?

Kijana wa miaka 13 ana pasipoti ya Uswidi na anaishi Dar es Salaam, Nairobi, Kigali au Muscat. Na mama anaongea Kiswidi, na baba na mashangazi Kiswahili, na shuleni ni Kiingereza asubuhi hadi jioni. Akizungumza kwa simu na bibi yake aliyeko Göteborg, hakuna anayeona kasoro. Kasoro hujitokeza akiambiwa aandike kurasa mbili za hoja kwa Kiswidi, au asome sura ya riwaya kisha aeleze kwa nini msimulizi anaficha jambo fulani. Hapo ndipo mzazi anapoanza kutafuta masomo ya mtandaoni, na ndipo anapokutana na majina mengi na ahadi zinazofanana.

Nalinganisha hapa njia nne za kulipia au kuombea nafasi, na nyingine ya bure. Kipimo changu ni kimoja, nami nakishikilia hadi mwisho: ni nani atakayesoma alichoandika kijana na kukirudisha kimesahihishwa, wiki baada ya wiki? Kuongea kunalindwa na mama, na likizo za kiangazi, na binamu. Kuandika na kusoma fasihi hakulindwi na yeyote pasipo mwalimu. Kijana anaweza kufika miaka 18 akiongea Kiswidi kitamu cha mtoto wa miaka tisa, na wazazi wasijue mpaka siku ya mtihani.

Anza na mwaka wa kurudi

Shule ya msingi ya Uswidi, grundskola, ina madarasa tisa yanayotanguliwa na mwaka wa awali. Alama huanza kutolewa darasa la sita, kwa herufi A hadi F, na F ni kufeli. Baada ya darasa la tisa, akiwa na miaka 15 au 16, mwanafunzi huomba gymnasiet, ambayo ni miaka mitatu. Kuingia michepuo ya kuelekea chuo kikuu kunahitaji kufaulu masomo 12, na matatu kati yake hayakwepeki: hisabati, Kiingereza na Kiswidi. Badala ya Kiswidi cha kawaida anaweza kuwa na alama ya Kiswidi kama lugha ya pili, svenska som andraspråk, ambalo ni somo kamili lenye mtaala wake. Michepuo ya ufundi inataka masomo manane, hayo matatu yakiwemo. Asiyefikia hapo huwekwa kwenye programu ya maandalizi, na mwaka mmoja au zaidi unakwenda. Haki ya kuanza gymnasiet haidumu: inaishia katikati ya mwaka anaotimiza miaka 20.

Kwa hiyo kuna vijana wa aina tatu. Yupo atakayerudi akiwa na miaka 15 kuingia gymnasiet. Huyu anahitaji alama inayotambulika. Yupo atakayemaliza sekondari huku Afrika Mashariki au Ghuba na kuomba chuo kikuu cha Uswidi akiwa na miaka 19. Huyu anahitaji uthibitisho kwamba Kiswidi chake kimefika ngazi ya juu ya gymnasiet. Na yupo ambaye familia haina mpango wa kurudi, lakini haitaki lugha ya upande mmoja wa ukoo ipotee. Matangazo ya masomo huwaweka wote kapu moja. Wewe mzazi usikubali, kwa sababu njia iliyo bora kwa mmoja ni pesa ya kutupa kwa mwingine.

Jambo la chuo kikuu lina uzito wa fedha pia. Tangu 2011 vyuo vikuu vya Uswidi hutoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi chache jirani zake. Raia wa Uswidi halipi, hata kama amekulia Mwanza. Lakini shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kiswidi, na mlango wake ni kufaulu Kiswidi cha ngazi ya tatu ya gymnasiet au kilicho sawa nacho. Kijana mwenye haki ya kusoma bila ada anaweza kukwama mlangoni kwa sababu ya insha.

Shule ya masafa inayotoa alama

Elimu ya masafa si jambo jipya kwa Waswidi. Hermods ilianza Malmö mwaka 1898 kwa masomo ya kutumwa kwa posta, na vizazi vya watu walioishi mbali na shule walisoma kwa bahasha. Leo bahasha imekuwa jukwaa la mtandaoni, lakini mwendo ni uleule: kazi inakuja, unaiandika, mwalimu anaisoma na kuirudisha.

Kwa umri wa darasa la sita hadi la tisa, jina la kulijua kwanza ni Sofia Distans, sehemu ya Sofia skola, shule ya umma ya jiji la Stockholm. Kijana anaweza kusoma huko masomo yote, au kuchukua Kiswidi tu huku akiendelea na shule yake ya kawaida. Mwalimu ni wa Uswidi na mtaala ni wa Uswidi. Ndiyo tofauti kubwa kati ya njia hii na nyingine zote: kijana anapomaliza, ana karatasi ambayo mwalimu mkuu wa Borås au Umeå anaisoma bila kuuliza maswali.

Kwa upande wa fasihi, nakubali pia kwamba hakuna njia inayoishinda kwa umri huu. Mtaala wa darasa la saba hadi la tisa unataka vijana wasome kazi za vijana na za watu wazima, za nyakati mbalimbali na za sehemu mbalimbali za dunia, na wajue kidogo lugha za jirani za Skandinavia pamoja na lugha tano za jamii za wachache zinazotambuliwa kitaifa: Kifini, Kisami, Meänkieli, Kiromani na Kiyidi. Mtoto anayejifunza Kiswidi kwa mama peke yake hawezi kufika huko. Atamjua Astrid Lindgren, maana hakuna nyumba ya Mswidi isiyo na vitabu vyake, lakini Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya fasihi mwaka 1909, atabaki kuwa jina tu.

Sasa gharama yake. Kwanza ni muda. Kijana wa Kidato cha Pili mwenye masomo tisa na kwaya na mpira anaongezewa somo zito kwa lugha nyingine, na kazi zenye tarehe za mwisho. Wapo wanaochanua, wapo wanaoacha kufungua jukwaa ifikapo Oktoba. Asiyeweza kukaa mwenyewe mezani bila kusukumwa, mzazi atageuka kuwa mwalimu wa zamu, na ugomvi wa Kiswidi utaingia nyumbani.

Pili, alama ya Kiswidi peke yake haitoshi kuingia gymnasiet. Rudi kwenye ile hesabu ya masomo 12. Mwenye kuchukua Kiswidi tu kwa masafa bado anatakiwa kuonyesha masomo mengine, na namna matokeo ya shule ya kimataifa, ya KCSE au ya NECTA yatakavyopokelewa ni jambo la kuuliza manispaa mnayokusudia kuhamia, mapema, kwa maandishi.

Tatu, ada. Serikali ya Uswidi hutoa ruzuku kwa elimu ya raia wake walio nje, kupitia Skolverket, mamlaka ya taifa ya shule, lakini masharti yake yanagusa uraia na pia sababu ya mzazi kuwa nje. Mtumishi wa ubalozi na mama aliyerudi Tanga kuolewa wanaweza kupewa bei tofauti kwa somo lilelile. Uliza kundi lenu kabla ya kujaza fomu.

Kikundi cha kila wiki

Hiki kinaitwa kompletterande svenska, Kiswidi cha nyongeza. Ni kikundi cha watoto wa Waswidi wanaoishi nje, mara nyingi kinachoendeshwa na chama cha wazazi, kinachokutana mara moja kwa wiki. Vipo vinavyokutana ana kwa ana katika miji yenye Waswidi wengi, na vipo vinavyokutana mtandaoni. Navyo hupata ruzuku kupitia Skolverket vikitimiza masharti, na moja ya masharti ni kwamba Kiswidi kiwe lugha ya kila siku kati ya mtoto na angalau mzazi mmoja.

Hakuna alama, na lengo ni lugha na utamaduni: sikukuu ya Lucia mwezi Desemba, nyimbo za kiangazi, vitabu, habari za nchi. Faida yake kubwa ni wenzake. Kijana aliyedhani yeye ndiye Mswidi pekee Mombasa anakutana na wengine wanaoishi maisha yaleyale ya lugha tatu. Kwa umri huo, rafiki wa kuandikiana naye ujumbe kwa Kiswidi anaweza kufanya kazi ambayo walimu wawili hawaifanyi.

Udhaifu uko kwenye umri. Kikundi kidogo hulazimika kuchanganya, na wa miaka 15 anajikuta darasa moja na wa miaka kumi. Anakaa nyuma, kamera imezimwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 ningekisifu bila kusita. Kwa kijana, uliza kwanza walio rika lake ni wangapi, na kama wanaandika insha au wanajaza nafasi zilizoachwa wazi. Kama ni nafasi zilizoachwa wazi, mwache aende kwa ajili ya marafiki, ila tafuta pa kuandikia.

Mwalimu wa tuisheni

Mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, kwa Zoom, kwa saa mnayoitaka. Ndiyo njia rahisi zaidi kuanza na ndiyo rahisi zaidi kuharibika.

Inapofaa, inafaa sana. Makosa ya kijana anayekulia kati ya Kiswahili, Kiingereza na Kiswidi yana sura yake, na mwalimu makini huyaona kwa wiki mbili. Mpangilio wa sentensi: Kiswidi hutaka kitenzi kikae nafasi ya pili, kwa hiyo ukianza na "jana" kitenzi kinafuata papo hapo kabla ya mtendaji, na kijana wetu anaandika "igår jag gick" badala ya "igår gick jag". Maneno ya kuunganishwa: Kiswidi hufunga maneno mawili au matatu kuwa moja, naye huyatenganisha kama Kiingereza kinavyofanya. Halafu en na ett, viambata viwili vinavyogawa nomino za Kiswidi makundi mawili. Mtoto aliyezoea ngeli zetu haoni ajabu kwamba nomino zina makundi na kwamba kivumishi hufuata. Hilo tayari liko kichwani mwake, na mwalimu anayelijua hulitumia. Kinachomsumbua ni kwamba umbo la neno la Kiswidi mara nyingi halimwambii liko kundi gani, hivyo lazima alikariri pamoja na kiambata chake.

Tuisheni pia ina uhuru wa kuchagua vitabu. Johannes Anyuru, mwandishi wa Kiswidi aliyezaliwa Borås kwa mama Mswidi na baba Mganda, ameandika riwaya ya En storm kom från paradiset inayofuata maisha ya baba yake: rubani mwanafunzi kutoka Uganda ambaye mapinduzi ya Idi Amin ya 1971 yalimkuta masomoni Ugiriki, kisha akakamatwa na kuhojiwa Tanzania. Kijana wa Arusha akiisoma kwa Kiswidi anakuta ardhi yake mwenyewe ndani ya lugha aliyodhani ni ya theluji tu. Na Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepewa Nobel na Akademia ya Uswidi mwaka 2021, anasomeka kwa Kiswidi pia. Mwalimu wa darasa la watu ishirini hana nafasi ya kumchagulia kila mmoja kitabu chake. Huyu anayo.

Lakini Mswidi yeyote mwenye kompyuta anaweza kujitangaza kuwa mwalimu. Wengi kwenye majukwaa ya lugha wamezoea watu wazima wanaoanza moja, na somo linageuka mazungumzo matamu ya saa nzima, ambayo kijana wako angeyapata kwa bibi bila malipo. Tafuta aliyesomea kufundisha svenska, yaani somo la Kiswidi, mashuleni. Leseni ya ualimu hutolewa na Skolverket na inaitwa lärarlegitimation. Kuiulizia si utovu wa adabu. Na kumbuka kwamba hata mwalimu bora wa binafsi hampi kijana alama ya kuingilia gymnasiet.

IB: Kiswidi cha kujisomea

Njia hii wazazi wengi hawaisikii mpaka wakati umepita, nami naisemea kwa nguvu. Shule zinazofundisha diploma ya IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho wa sekondari), kama UWC East Africa ya Moshi na Arusha au International School of Tanganyika, hufuata mpango ambao ndani yake kuna fasihi ya lugha ya kwanza. Shule isipokuwa na mwalimu wa lugha hiyo, mwanafunzi anaweza kuisoma kwa kujisomea akisaidiwa na shule. Kiswidi kimo.

Kijana husoma kazi tisa za fasihi kwa miaka miwili, nyingine zimeandikwa kwa Kiswidi tangu mwanzo, nyingine ni tafsiri kutoka lugha nyingine. Hufanya mtihani wa maandishi na wa mdomo, vyote kwa Kiswidi. Kwa mwenye kujisomea ngazi ni ile ya kawaida tu, ile ya juu hairuhusiwi. Shule humpangia msimamizi, na familia kwa kawaida humtafuta mwalimu wa Kiswidi wa kumsaidia mtandaoni. Hapa ndipo tuisheni inapata maana kamili, kwa sababu ina silabasi, ina vitabu, na ina mtihani mwishoni.

Faida ni mbili kwa jasho moja: somo linahesabiwa ndani ya diploma, na Kiswidi cha ngazi hiyo hufungua mlango wa vyuo vikuu vya Uswidi bila mtihani mwingine wa lugha. Kazi tisa si mchezo, lakini zinachukua nafasi ya somo ambalo kijana angelisoma hata hivyo. Hazirundikwi juu ya mengine.

Uamuzi unafanywa kabla ya kuanza miaka ile miwili. Shule isipoombwa mapema, ratiba inajaa Kiingereza na Kifaransa. Na kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kuandika Kiswidi hawezi kuruka moja kwa moja hadi kwa August Strindberg, mwandishi mkongwe wa Kiswidi. Anahitaji miaka miwili mitatu ya kuandika nyuma yake.

Asiye kwenye IB, mwenye matokeo ya Kidato cha Sita kwa mfano, bado ana mlango wa Tisus, mtihani wa Kiswidi wa kuingilia vyuo vikuu unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stockholm: kusoma, kuandika na kuongea. Masomo ya SFI, ambayo ndugu walioko Uswidi watakutajia, ni ya watu wazima wahamiaji walio Uswidi kwenyewe. Hayamhusu kijana huyu.

Vya bure

Gazeti la 8 Sidor huandika habari kwa Kiswidi chepesi. Sveriges Radio inasikika popote, na kipindi chake cha Klartext husoma habari polepole. Litteraturbanken ina fasihi ya zamani ya Kiswidi, ya kusoma bila malipo. Baadhi ya video za SVT, televisheni ya umma ya Uswidi, hufungwa nje ya nchi, hivyo usizipangie ratiba. Vyote ni vyema na havisahihishi insha.

Saa, kalenda na bando

Somo la saa 11 jioni la Stockholm huangukia saa 1 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 12 jioni wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Muscat ni saa moja mbele yetu. Bukavu, Bujumbura na Kigali wana nafuu: tofauti ya saa moja tu wakati wa baridi, na hakuna tofauti wakati wa kiangazi. Kijana anayefika nyumbani saa 12 na nusu kutokana na foleni ya Mbagala hawezi somo la saa 12. Ziandike saa zote mbili, ya baridi na ya kiangazi, kwenye ratiba kabla ya kulipa.

Kalenda inauma zaidi. Mwaka wa shule wa Uswidi huanza katikati ya Agosti na kuisha mapema Juni. Kwa aliye shule ya mtaala wa Kiingereza wa Septemba hadi Juni, inaoana. Kwa aliye shule ya Tanzania au Kenya, muhula wa vuli wa Kiswidi unagonga maandalizi ya mitihani ya taifa ya Novemba. Kidato cha Pili na cha Nne, au mwaka wa KCSE, nisingemwanzishia mtoto shule ya masafa yenye alama mwezi Agosti. Ningempa tuisheni nyepesi mpaka Desemba.

Na umeme na intaneti: uliza kama somo linarekodiwa, na kama kazi inaweza kutumwa kwa simu. Insha haihitaji bando kubwa, video ya saa nzima inahitaji.

Ningechagua hivi

Mwenye miaka 12 hadi 14 na uwezekano wa kweli wa kurudi: shule ya masafa, somo la Kiswidi, hata kama ni zito. Hakuna kinachochukua nafasi ya alama. Kama kuna kikundi jirani, aende na huko pia kwa ajili ya wenzake.

Mwenye miaka 15 au 16 anayeelekea IB: Kiswidi cha kujisomea, na mwalimu wa tuisheni mwenye leseni anayeanza naye mwaka mmoja kabla.

Asiyerudi: kikundi kama kina rika lake, la sivyo mwalimu mmoja na kitabu kimoja kwa muhula. Hapo usimbebeshe alama. Ila kwa huyu kuna tarehe ambayo haihusiani na shule: raia wa Uswidi aliyezaliwa nje na ambaye hajawahi kuishi huko anaweza kupoteza uraia akitimiza miaka 22, asipoomba kuuhifadhi baada ya kutimiza 18 na kabla ya siku hiyo. Tanzania nayo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ilhali Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010. Mazungumzo hayo yafanyike nyumbani mapema.

Njia yoyote utakayoielekea, kabla ya kulipa muhula mzima omba vitu viwili. Kwanza, insha moja iliyosahihishwa ya mwanafunzi mwingine wa rika hilo, jina likiwa limefutwa. Angalia kama mwalimu ameweka vema na mkasi tu, au ameandika pembeni kwa nini hoja ya aya ya tatu haishiki. Pili, orodha ya vitabu vya mwaka. Wasipokuwa na orodha mwezi Mei kwa muhula wa Agosti, tafuta kwingine ukiwa bado na nafasi ya kutafuta.